Mstari wa Pili

Katika nyumba ya Mama Adamu kulikuwa na kikombe kimoja ambacho hakuna mtu aliyekinywea chai. Kilikuwa cha bati, cheupe, chenye ua jekundu ubavuni, na kilikaa peke yake kwenye kidirisha cha choo cha uani. Kila mwezi, siku ambayo mwenye nyumba aliijua mwenyewe kichwani, alikitoa, akakisuuza, akamkabidhi Raya, mke wa mwanawe. Raya aliingia nacho chooni na kutoka nacho amekifunika kwa kiganja. Kisha mama mkwe alikaa kwenye kigoda, akachana pakiti ya kipimo cha mimba, akachovya ule ukanda mwembamba, na wote wawili wakaukodolea macho. Mstari mmoja ulijitokeza. Wa pili haukuja, na huu ulikuwa mwaka wa tatu wa ndoa.

"Haya," alisema Mama Adamu kila mara, akimwaga kikombe. "Mungu yupo."

Raya hakuwahi kuliitikia neno hilo. Lilimuuma kuliko tusi, maana tusi unaweza kulijibu.

Lakini tusimwonee Mama Adamu. Kabla matope ya Mlima Hanang hayajashuka mtaani kwao Jorodom, alikuwa mama wa kicheko, na duka lake la shuka na mablanketi hapo Katesh lilijaa wafugaji waliokuja kununua na kubaki kupiga soga. Asubuhi moja tu ilitosha. Matope yalimchukua mumewe, yakamchukua Adamu mwanawe mkubwa, mke wa Adamu na watoto wao wote. Yeye mwenyewe walimchomoa chini ya mlango na mguu ambao tangu hapo haukunyooka tena. Saleh, mwanawe mdogo, alipona kwa sababu alikuwa amempeleka Raya kuwasalimia wazazi wake Mbulu. Watu waliendelea kumwita Mama Adamu, naye aliitika, na kila alipoitika ungeona kitu kinampita usoni.

Kwa hiyo ukoo mzima ulibaki unaning'inia kwenye kiuno cha Saleh. Na Saleh, Mungu amsamehe, alikuwa mtu wa kupenda amani hadi inakera. Mama akisema ndiyo, ni ndiyo. Mke akisema hapana, ni hapana. Katikati ya ndiyo na hapana yeye alikuwa anawasha pikipiki, anafunga mzigo wa shuka nyuma na kwenda zake mnadani.

Mwezi huo Raya alichoka.

"Mwambie mama yako hivi," alisema wakiwa chumbani asubuhi, mgongo umeelekea ukuta. "Mimi sikojoi tena kwenye kikombe chake. Akitaka kunirudisha kwetu anirudishe. Sikojoi."

"Raya, ni dakika moja tu."

"Basi kakojoe wewe."

Alisema kwa hasira, na mtu akisema kwa hasira hategemei kutiiwa. Lakini Saleh alikichukua kile kikombe. Hesabu yake ilikuwa nyepesi: mstari utakuwa mmoja kama siku zote, mama atasema Mungu yupo, mke atapumzika, na yeye atawahi mnada. Aliingia chooni, akajaza, akampelekea mama yake pale kwenye kigoda. "Raya hajisikii vizuri," alisema. "Kanituma mimi."

Raya alikuwa jikoni anamenya viazi aliposikia vigelegele. Havikuwa vya harusi ya jirani. Vilikuwa vya hapo hapo uani, vyembamba, vinakatika katikati, vya mtu ambaye koo lake limesahau kazi hiyo. Kabla hajainuka Saleh aliingia, kofia iko mkononi, uso umemshuka.

"Mama kapatwa na nini?"

"Kipimo kina mistari miwili."

"Kipimo cha nani? Mimi sijakupa kitu."

Saleh aliizungusha kofia yake mkononi. "Nilijaza mimi. Si ulisema mwenyewe."

Raya alicheka. Kicheko kilimtoka chote, cha mwezi huo na cha miezi yote ya nyuma, mpaka kisu kikamponyoka. Halafu kikamkauka, kwa sababu huko nje Mama Adamu alikuwa ameshafika kwenye ua wa Angela, jirani yao mwenye mimba kubwa, na sauti yake ilisikika hadi jikoni: "Mungu kanikumbuka. Kanikumbuka mimi."

"Nenda kamwambie," Raya alisema.

"Sasa nitamwambia vipi? Huoni anavyolia? Hicho kipimo ni kibovu tu, kimepigwa jua dukani. Nitamwambia jioni, akitulia."

Raya aliona hapa hakuna mwanaume wa kusema. Akajifuta mikono, akatoka mwenyewe, maneno yako mdomoni tayari. Mama Adamu alikuwa anarudi, anachechemea bila fimbo, na kabla Raya hajafungua mdomo yule mama alimwangukia shingoni. Alinuka karafuu na moshi. Hakuwahi kumkumbatia Raya, hata siku ya harusi. Alimshika kwa nguvu, machozi yakamlowesha bega, akawa anasema, "Nisamehe mwanangu, nilikuwa nakutazama vibaya, nisamehe." Na Raya, ambaye alikuwa na ulimi mkali katika kila jambo lingine, akanyamaza. Tangu dakika hiyo uongo ukawa wa wawili.

Jioni ilifika, Saleh hakusema. Kesho yake pia hakusema. Mama Adamu alimkataza Raya kubeba ndoo, akamkorogea uji wa ulezi kwa mkono wake, akatenga mbuzi mmoja asiuzwe. Alimpigia simu Mzee Nurdin, kaka mkubwa wa marehemu mumewe, huko Dongobesh, akamwambia ukoo haujafa. Raya aliunywa ule uji wote, kijiko kwa kijiko. Usiulize alivyomtazama mumewe wakati anakunywa.

Kisha siku zake zikafika, kama zilivyofika kila mwezi.

Mambo mengine yote angeweza kuyaficha. Nguo angefua mapema na kuzianika chumbani. Maumivu ya kiuno angeyaita ya mimba. Lakini katika nyumba ile wanawake wawili waliswali bega kwa bega, mikeka miwili iliyotandikwa sambamba karibu na makabati, na mwanamke aliye kwenye siku zake hasimami kwenye mkeka. Asubuhi hiyo Raya alisikia maji ya udhu yakimwagika uani, akasikia fimbo ya Mama Adamu ikija. Aliuchukua mkeka wake. Akasimama nao mkononi. Kumdanganya mama mkwe alishazoea wiki hiyo, lakini kuinama mbele ya Mungu katika hali ile ili tu mama mkwe aone, miguu yake ilikataa. Akaukunja na kuurudisha juu ya kabati.

Mama Adamu alisimama mlangoni akaona yote hayo. Akaenda akaswali peke yake. Adhuhuri vilevile, alasiri vilevile. Siku ya pili uji wa ulezi haukukorogwa. Raya aliwasha jiko mwenyewe, huku akisikia mama mkwe akiongea na simu chumbani kwa sauti ya chini, sauti isiyopanda wala kushuka.

"Leo utasema," alimwambia Saleh. "Usiposema leo mimi nimekwisha."

"Nitasema," Saleh alijibu, na Raya aliona jinsi alivyoshika kifua wakati anavaa shati, kama kitambaa kinamkwaruza. Wiki mbili zilizopita alikuwa amemtania kwa kifua hicho, akamwambia ameanza kunona kama mke wa tajiri. Siku hiyo hakuwa na utani.

Mzee Nurdin alishuka kwenye Hiace kutoka Dongobesh Jumapili mchana, kanzu imejaa vumbi, akala, akanawa, akaketi kwenye kochi kubwa. Mama Adamu alikaa chini kwenye mkeka, mguu mbovu umenyooshwa. Aliyekaa kwenye kiti cha mlangoni alikuwa nesi Justina, Mwiraqw wa huko Mbulu, ndiye aliyemfunga mama huyu mguu kwa miezi baada ya matope, na tangu hapo akawa mtu wa nyumbani. Aliitwa kwa kazi moja: amkague Raya.

"Shikamoo baba mkubwa," Raya alisema, akapiga goti.

"Marahaba." Mzee hakumtazama. "Mama Adamu, sema tulichoitiwa."

Mama Adamu aliongea taratibu. Alieleza kikombe, alieleza mistari miwili, alieleza furaha yake. Kisha akaeleza mkeka uliorudishwa kabatini. "Nilidhani mimba imetoka," alisema. "Nikamwonea huruma. Nikasubiri anililie, mimi mama yake. Hakulia. Nikakumbuka kwamba siku ile hakuleta kikombe mwenyewe. Nikakumbuka Angela yuko hapo nyuma ya ukuta, tumbo hili hapa." Akamgeukia Mzee Nurdin. "Shemeji, mwanamke anayeweza kunichotea mkojo wa jirani, ataniletea hata mtoto wa jirani aniambie ni wa Saleh."

"Mama, sikuchota mkojo wa mtu," Raya alisema.

"Wa kwako ulikuwa?"

Raya alimtupia Saleh jicho.

"Nakuuliza. Ule mkojo ulikuwa wako?"

"Haukuwa wangu."

Mzee Nurdin akavuta pumzi ndefu. "Basi nesi hana haja ya kukagua. Mwenyewe amekubali." Akamgeukia Saleh, aliyekaa ukingoni mwa kiti, macho kwenye zulia. "Saleh, kesho nitampeleka kwao Mbulu, nikaongee na baba yake kwa adabu. Una la kusema?"

Saleh akachora zulia kwa kidole cha mguu. Raya alimtazama. Angeweza kumtaja. Neno moja tu lingetosha. Lakini kulikuwa na kitu kigumu ndani yake ambacho hakikutaka kuokolewa kwa kinywa chake mwenyewe. Alitaka kumsikia Saleh akisema. Alitaka kujua, kabla hajafunga mizigo, kama aliolewa na mtu au na kivuli cha mama yake. Saa ya ukutani ilitembea. Angela alisikika nje akifukuza kuku. Mama Adamu alijifuta pua kwa ncha ya mtandio.

"Saleh," Raya akasema. Basi, jina tu.

"Ni wangu," Saleh alisema.

"Nini chako?" Mzee akauliza.

"Mkojo. Ule mkojo ulikuwa wangu. Raya alikataa, nikajaza mimi ili yaishe. Hajui kitu. Hana kosa."

Kwanza hakuna aliyeelewa. Halafu Mzee Nurdin akaangua kicheko, kile cha wanaume wanene kinachoanzia tumboni, akapiga paja. "Kwa hiyo wewe ndiye mjamzito," alisema. "Tukuchinjie wewe mbuzi."

Mama Adamu hakucheka. "Unamkingia mke wako," alisema. "Umefikia hapo. Unajivunjia heshima mbele ya baba yako mkubwa kwa ajili ya mwanamke."

"Naapa mama."

"Saleh," aliita Justina kutoka kiti cha mlangoni. Naye hakucheka, na sauti yake ilimfanya Mzee Nurdin anyamaze na mkono ungali juu ya paja. "Kifua kinakuuma? Hapa, kwenye chuchu?"

Mkono wa Saleh ulipanda kifuani wenyewe. Raya akaukumbuka ule utani wake.

"Na huku chini? Korodani moja imekuwa kubwa, ngumu, nzito?"

"Nesi," Saleh alisema kwa shida, "hapa pana wazazi."

"Ndiyo, wakae. Mama Adamu, una kipimo kingine?"

Vilikuwepo, pakiti nzima, ameviweka kwenye kopo la biskuti. Kikombe cha ua jekundu kikaletwa. Saleh alitoka, akarudi, hakumtazama mtu. Justina akachovya mbele yao wote, na chumba kizima kikainama juu ya ule ukanda. Mstari wa kwanza ukaja. Wa pili ukaja nyuma yake, mwekundu, wala haukusitasita.

"Kipimo kibovu," Mama Adamu akasema haraka. "Si mmeona sasa. Vipimo vyote ni vibovu."

"Tutaona. Mzee, naomba utusaidie na wewe."

"Mimi?"

"Wewe, mzee."

Mzee Nurdin alikwenda chooni akinung'unika kwamba katika umri wake hajawahi kuona kikao cha namna hii. Alirudi na kikombe kingine mkononi. Justina akakichovya kipimo kingine kutoka pakiti ileile. Walingoja. Mstari ukawa mmoja, na ukabaki mmoja, na kwa mara ya kwanza katika nyumba ile kila mtu aliutamani ule mstari mmoja uwe wa Saleh.

"Huyu hana mimba na kipimo si kibovu," Justina alisema. Aliongea polepole, anachagua maneno. "Mwanamke akishika mimba mwili wake unatoa homoni fulani. Hicho ndicho kipimo kinachotafuta. Mwanaume hana kazi na homoni hiyo. Ukiikuta kwake, mara nyingi kuna uvimbe unaoitengeneza, na uvimbe wenyewe unakaa kwenye korodani. Sisemi ni hivyo hakika, mimi si daktari. Lakini kesho asubuhi nataka awe hospitali. Asipite mnadani kwanza."

Walipobaki wawili chumbani Raya alifunga mlango kwa kitasa.

"Tangu lini?"

"Tangu Ramadhani ya mwaka jana. Ilianza kama punje ya harage. Nikadhani ni pikipiki, mizigo."

"Na hukusema."

"Nitasema nini? Nikaogopa mama asije akasikia nina busha, watu wacheke sokoni."

"Mimi je? Mimi ni watu wa sokoni?"

Saleh alikaa kitandani. "Wewe ndiye nilikuogopa zaidi," alisema. "Nilianza kufikiri labda tatizo la mtoto ni mimi. Nikajua nikipimwa utajua na wewe."

Raya alimchukia wakati huo. Tusizungushe maneno, alimchukia kabisa. Mwaka mzima na zaidi amekaa mbele ya kile kigoda ametahayari, anaomba radhi kwa tumbo lake, na mtu huyu analala pembeni yake anajua. Akataka kumwambia hivyo. Badala yake akaona jinsi Saleh alivyojikunja pale kitandani kama mtoto, na hasira ikajichanganya na woga hata hakujua ashike lipi. Akaanza kumpangia nguo za hospitali.

Ilikuwa saratani. Korodani ile waliitoa upesi, na mama yake akashukuru kwamba Mungu ameweka mbili. Lakini vipimo vilionyesha saratani imeshapenya kwenye tezi za ndani ya tumbo, na daktari akaandika rufaa ya kwenda Dar es Salaam, kwenye mionzi. Aliwakalisha Saleh na Raya, Mama Adamu kati yao, akaeleza bila kuwaficha. Homoni ya ule uvimbe ndiyo iliyomvimbisha kifua, na ndiyo iliyozizimisha mbegu. Walipozipima ili zihifadhiwe kabla ya matibabu, hawakupata za kuhifadhi. Uvimbe ukiisha kabisa huenda zingerudi zenyewe baada ya miezi. Lakini mionzi nayo inaunguza mbegu, hata ukikinga korodani iliyobaki. Kwa wengine zinarejea baada ya mwaka au miwili. Kwa wengine hazirejei.

"Na akipona bila mionzi?" Mama Adamu aliuliza.

"Mama, mionzi ndiyo ya kumponya."

Yeye hakusikia hivyo. Alichosikia ni kwamba mbegu zinaweza kurudi, na kwamba mionzi inaunguza. Waliporudi Katesh kungoja siku ya safari, alimpa Saleh kikombe, akachovya kipimo mwenyewe bila mtu mwingine kujua, na akamfuata Raya uani ameushika ule ukanda kwa vidole viwili.

"Tazama," alisema. "Umefifia. Ule wa pili. Unauona?"

Raya aliuona. Ulikuwa kivuli cha waridi tu.

"Unaondoka wenyewe. Wamekitoa kile kibaya, sasa mwili unajisafisha. Mwanangu, nakuomba. Wewe anakusikiliza. Mwambie asubiri kidogo. Miezi tu, zirudi, ushike mimba, halafu aende kwenye hiyo mionzi, wamchome wanavyotaka." Alimshika Raya mkono. "Siombi kwa ajili yangu peke yangu. Na wewe unahitaji mtoto. Usiniambie huhitaji."

Raya hakumwambia hivyo, kwa sababu ilikuwa kweli. Alimhitaji mtoto yule hata kabla ya kumjua Mama Adamu. Alikuwa ameshamchagulia jina. Na alijua vizuri kuliko mtu yeyote nafasi yake katika nyumba ile: mwanamke asiye na mtoto amekaa hapo kama mgeni aliyechelewa kuondoka. Saleh akienda sasa, huenda asizae tena maisha yake yote. Akisubiri, pengine. Hilo pengine lilikuwa neno tamu kiasi kwamba Raya alisimama pale uani muda mrefu akilionja.

Kesho yake asubuhi begi lilikuwa mlangoni na bodaboda wa kuwapeleka stendi ameshapiga honi. Saleh alikaa kitandani, hajavaa viatu.

"Mama kakwambia nini jana?"

"Kaniambia nikuombe usubiri."

"Mimi pia kaniambia." Alitazama viatu. "Anasema mstari umefifia. Nami najisikia vizuri, Raya, sikudanganyi. Sina maumivu." Kisha akainua uso. "Na wewe unaniomba nisubiri?"

Raya alimwelewa. Angesema ndiyo, Saleh angesubiri, na angesubiri kwa furaha, kwa kuwa kusubiri ndiko alikokujua. Mama angefurahi. Na yeye angepata miezi yake. Bodaboda alipiga honi tena. Raya akapiga magoti, akachukua kiatu cha kulia, akamvisha.

"Umefifia," alisema. "Haujaondoka. Mimi nakuomba upande basi."

"Na nisipozaa tena?"

"Nitakuwa mke wa Saleh asiye na mtoto. Hayo nimeshayazoea. Ujane sijauzoea." Akachukua kiatu cha kushoto. Kamba zilimsumbua, hakuziona vizuri. "Simama twende."

Mama Adamu alikuwa mlangoni, fimbo mkononi, na alikuwa amesikia. Raya alijua kwamba amesikia. Wakatazamana, wanawake wawili na mlango mmoja kati yao. Mama mkwe alikuwa amewahi kutoa mume, mwana na wajukuu kwa matope bila kuulizwa. Sasa alikuwa anaulizwa.  Mwishowe akajisogeza pembeni, mguu wake mbovu ukaburuza sakafuni, njia ikawa wazi.

Walikaa Dar wiki nyingi. Saleh alirudi amekonda, ngozi ya tumbo imekuwa nyeusi sehemu ile walipompiga mionzi, hamu ya chakula hana. Hospitali ilikuwa imempangia kurudi kupimwa damu, na daktari aliwaambia hivyo ndivyo watakavyojua, si kwa vipimo vya dukani. Mama Adamu alimsikiliza mtoto wake akieleza hayo yote, akaitikia kwa kichwa. Kisha akaenda kwenye kidirisha cha choo akatoa kikombe cha bati, akakisuuza, akamkabidhi Saleh.

"Mama, daktari kasema..."

"Nimesikia alichosema. Mimi nataka kuona kwa macho yangu."

Saleh alikwenda. Aliporudi mama yake ameshakaa kwenye kigoda na kopo la biskuti liko mapajani. Alichana pakiti, akachovya. Kisha akafumba macho.

"Tazama wewe, Raya," alisema. "Mimi siwezi."

Raya aliinama. Mstari wa kwanza ukajitokeza, mwekundu. Alingoja. Alikuwa ameuzoea muda huu, muda wa kuomba wa pili uje, na kwa mazoea moyo wake ulianza kuomba vilevile hadi akajishtukia. Akaomba kinyume. Saleh alisimama nyuma yake, pumzi yake inamgusa shingo. Maji yalipanda hadi mwisho wa ukanda yakaacha, na mahali pa mstari wa pili palibaki peupe.

"Mmoja, mama."

Mama Adamu alifungua macho, akamnyang'anya ule ukanda. Aliusogeza kwenye mwanga, akaugeuza, akautafuta mstari wa pili kila upande, hata kivuli, jinsi alivyokuwa akiutafuta miaka yote ile ya Raya. Hakuupata. Akauweka juu ya goti lake zima, na machozi yakamtoka bila sauti.

"Haya," alisema. "Mungu yupo."

"Yupo, mama," Raya aliitikia, akampokea kikombe, akaenda kukimwaga.